Joseph Fourier: Mtoto wa mshona nguo aliyewagawa magwiji wa hisabati

Na Mwandishi Wetu

DESEMBA 21, 1807, Institut de France, chombo kikuu cha wasomi wa Ufaransa mjini Paris, kilipokea andiko refu kuhusu namna joto linavyosafiri ndani ya vitu vigumu. Mwandishi wake wakati huo hakuwa profesa wa chuo chochote. Alikuwa mkuu wa mkoa.

Mtu huyo ni Jean-Baptiste Joseph Fourier. Ofisi yake ilikuwa Grenoble, mji ulio chini ya milima ya Alps, alikosimamia barabara, mashamba na amri za serikali ya Napoleon Bonaparte. Hesabu za joto alizifanya katika muda uliobaki baada ya kazi za ofisi.

Ndani ya andiko hilo mlikuwa na dai moja lililowashtua wazee waliopewa kazi ya kulipima. Fourier alidai kuwa mchoro wowote, hata uliokatika vipande, unaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi laini ya trigonometria, yaani yale ya saini na kosaini ambayo wanafunzi wa sekondari huanza kukutana nayo wanapojifunza pembetatu.

Dai hilo lilimchelewesha kwa miaka 15 na kumweka upande mmoja na mwalimu wake wa zamani upande wa pili. Aidha, liliacha swali ambalo hisabati ilihitaji zaidi ya karne moja na nusu kulijibu: ni michoro ya tabia gani inayokubali kugeuzwa mawimbi, na ni ipi inayokataa?

Yatima wa Auxerre

Fourier alizaliwa Machi 21, 1768 mjini Auxerre, kando ya mto Yonne, kusini-mashariki mwa Paris. Baba yake alikuwa mshona nguo, na yeye alikuwa mtoto wa tisa kati ya 12 wa ndoa ya pili ya mzee huyo.

Mama yake alifariki dunia akiwa na umri wa miaka tisa. Mwaka uliofuata baba naye akafariki, na kijana huyo akabaki yatima katika nchi ambayo ukoo wa mtu ndio uliopanga mustakabali wake.

Alibahatika kupata nafasi katika shule ya kijeshi ya mji huo iliyoendeshwa na watawa wa shirika la Wabenediktini. Hapo ndipo hisabati ilipomteka. Alipofikisha umri wa miaka 14 alikuwa amemaliza juzuu zote sita za kitabu cha hisabati cha Bézout, kilichokuwa kikitumiwa na wanafunzi wa vyuo vya kijeshi.

Inasimuliwa kuwa alikuwa akiokota vipande vya mishumaa vilivyobaki mchana na kuvificha, ili usiku wenzake wakiwa wamelala aendelee kufanya hesabu.

Ndoto yake ilikuwa kuingia katika jeshi la mizinga, mahali ambapo mtu hodari wa hesabu alihitajika. Ombi lake lilikataliwa kwa sababu hakuzaliwa katika ukoo wa kilodi. Uwezo wake haukuwa na uzito wowote mbele ya kigezo hicho.

Mwaka 1787 aliingia katika abasia ya Saint-Benoît-sur-Loire kama mnovisi, akijiandaa kuwa mtawa. Hata hivyo, moyo wake ulibaki kwenye milinganyo. Mwaka 1789, mwaka ule ule Mapinduzi ya Ufaransa yalipolipuka, aliondoka bila kuweka nadhiri, na mwaka uliofuata akarudi Auxerre kufundisha katika shule aliyosomea.

Mara mbili kizuizini

Mapinduzi yaliyofuta upendeleo wa ukoo yalimvutia mtoto huyo wa mshona nguo. Mwaka 1793 alijiunga na kamati ya mapinduzi ya mji wake. Punde aliona damu inavyomwagika, akajaribu kujiondoa, lakini ikashindikana.

Akiwa katika safari ya kikazi mjini Orléans aliwatetea watu wa kundi moja dhidi ya jingine, jambo lililomtia mashakani. Mwezi Julai 1794 alikamatwa. Wakati huo wengi waliokamatwa kwa sababu za kisiasa waliishia kwenye gilotini, mashine ya kukata vichwa.

Kilichomwokoa ni kuanguka kwa kiongozi wa utawala huo wa vitisho. Robespierre alinyongolewa kwa mashine hiyo hiyo Julai 28, 1794, upepo wa siasa ukageuka na Fourier akaachiwa.

Mapema mwaka 1795 alikuwa Paris, miongoni mwa wanafunzi wa École Normale, chuo kipya cha walimu. Waliomfundisha ni watatu kati ya vigogo wa hisabati wa zama hizo: Joseph-Louis Lagrange, Pierre-Simon Laplace na Gaspard Monge.

Baadaye mwaka huo alikamatwa tena, safari hii akituhumiwa kuwa mfuasi wa utawala ule uliotaka kumuua, kisha akaachiwa. Akaanza kufundisha École Polytechnique, na mwaka 1797 akashika kiti cha uprofesa kilichokuwa cha Lagrange.

Safari ya Misri

Mwaka 1798 Napoleon alipovuka bahari kwenda Misri, alichukua wanajeshi pamoja na kundi kubwa la wasomi. Fourier alikuwa mmoja wao.

Msafara ulifika Alexandria Julai 1798. Mwezi mmoja baadaye manowari za Uingereza chini ya Nelson ziliangamiza meli za Wafaransa, na waliokuwa nchi kavu wakawa kama wamefungiwa. Mjini Cairo ikaundwa taasisi ya wasomi hao, na Fourier akateuliwa kuwa katibu wake.

Alirudi Ufaransa mwaka 1801 akiwa na matumaini ya kuendelea kufundisha. Napoleon alikuwa ameona jambo jingine kwake: uwezo wa kuongoza watu. Alimteua kuwa mkuu wa mkoa wa Isère, makao makuu yakiwa Grenoble, na wadhifa huo ukamweka mbali na Paris hadi mwaka 1815.

Kazi yake kubwa huko ilikuwa kukausha mabwawa ya Bourgoin, baada ya kuwashawishi wanavijiji wengi waliokuwa na haki juu ya ardhi hiyo wakubaliane. Alisimamia pia barabara ya kuvuka milima kuelekea Turin, na akaandika utangulizi wa kihistoria wa kitabu kikubwa cha serikali kuhusu Misri.

Ilikuwa Grenoble vilevile ambako kijana Jean-François Champollion alikutana naye na kuvutiwa na vitu vya kale alivyotoka navyo Misri. Champollion ndiye aliyekuja kufumbua maandishi ya kale ya nchi hiyo mwaka 1822.

Pete ya chuma

Katika mazingira hayo ndipo Fourier alipoanza majaribio ya joto. Kifaa kimoja alichotumia kilikuwa pete kubwa ya chuma.

Pete ikipashwa moto upande mmoja kisha ikaachwa, jotoridi lake kuzunguka duara linaweza kuchorwa: mlima upande uliopashwa, bonde upande wa pili. Kadiri muda unavyopita mlima hushuka na bonde hujaa, hadi pete nzima inakuwa na joto sawa.

Fourier alitunga mlinganyo unaoeleza badiliko hilo. Iwapo mchoro wa mwanzo ni wimbi moja safi la saini, jibu ni jepesi. Wimbi hubaki na umbo lake, likipungua kimo tu. Wimbi lenye vilele viwili katika mzunguko mmoja hufifia kwa kasi mara nne ya lile lenye kilele kimoja, na lenye vilele vitatu hufifia kwa kasi mara tisa.

Tatizo ni kwamba joto halisi halianzi na umbo la wimbi safi. Nusu ya pete inaweza kuwa ya moto na nusu ya baridi, kukiwa na mpaka mkali kati yake.

Iwapo mchoro huo uliokatika nao ungeweza kuandikwa kama jumla ya mawimbi, basi kila wimbi lingefuatiliwa peke yake na hali ya baadaye ya pete ingejulikana saa kwa saa. Iwapo haiwezekani, njia nzima ya Fourier ingeishia kwenye mifano michache rahisi.

Fourier akasema inawezekana. Alitoa na kanuni ya kupata kimo cha kila wimbi: zidisha mchoro kwa wimbi hilo, kisha tafuta eneo lililo chini ya mchoro mpya unaopatikana. Eneo hilo ndilo linaloonyesha ni kiasi gani cha wimbi hilo kimo ndani ya mchoro wa awali.

Mfano mmoja aliouchambua ulikuwa huu. Chukua wimbi la kosaini. Toa theluthi moja ya wimbi lenye kasi mara tatu, ongeza moja ya tano ya lile lenye kasi mara tano, toa moja ya saba ya lile lenye kasi mara saba, na uendelee hivyo bila kikomo.

Jumla hiyo huzaa mchoro wa ngazi. Mstari hunyooka katika kimo cha robo ya pai, yaani takriban 0.785, kisha ghafla huanguka chini ya sifuri kwa kiasi hicho hicho, na baadaye hupanda tena.

Msomaji mwenye kikokotoo anaweza kujaribu. Katikati ya ngazi ya juu, hesabu huanza na 1. Ukitoa theluthi unapata 0.667, ukiongeza moja ya tano unapata 0.867, ukitoa moja ya saba 0.724, ukiongeza moja ya tisa 0.835. Majibu hupanda na kushuka huku yakiikaribia ile 0.785.

Wazee wagoma

Waliopewa andiko hilo kulikagua walikuwa Lagrange, Laplace, Monge na Lacroix. Watatu wa kwanza ndio wale waliomfundisha Fourier miaka 12 iliyotangulia.

Lagrange, aliyekuwa na umri wa miaka 71, aligoma. Ugomvi huu haukuwa mgeni kwake. Tangu ujana wake alikuwa ameshiriki mjadala kuhusu mtetemo wa uzi wa kinanda, mjadala uliowahusisha d'Alembert, Euler na Daniel Bernoulli, ambaye mwaka 1753 alipendekeza kuwa mtetemo wowote ni jumla ya mawimbi ya saini. Wenzake hawakukubaliana naye.

Hoja ya wapinzani ilikuwa nzito. Wimbi la saini ni laini, halina kona wala mkatiko. Ukijumlisha mawimbi mawili unapata mchoro laini. Ukijumlisha mia moja, bado ni laini. Iweje basi jumla ya vitu laini izae ngazi yenye ukingo mkali?

Jibu liko kwenye maneno bila kikomo. Jumla ya mawimbi yenye idadi maalumu haiwezi kukatika. Jumla isiyo na mwisho inaweza. Lakini mwaka 1807 hakukuwa na mtu aliyekuwa ameeleza kwa ukamilifu nini maana ya jumla isiyo na mwisho, na lini inaruhusiwa kuaminiwa.

Fourier hakuwa na uthibitisho wa jumla. Alikuwa na mifano iliyofanya kazi, na vipimo vya joto vilivyooana na hesabu zake. Kwa mtu wa fizikia hayo yangetosha. Kwa Lagrange hayakutosha, na kwa viwango vya hisabati mzee huyo hakuwa na kosa.

Ikaongezeka lawama ya Jean-Baptiste Biot, aliyeona kuwa andiko lake la mwaka 1804 kuhusu joto halikutajwa. Andiko la Fourier likawekwa kando. Lilikuja kuchapishwa kwa ukamilifu mwaka 1972, miaka 165 baadaye.

Institut ilitangaza joto kuwa mada ya shindano la mwaka 1811, na Fourier akapeleka kazi yake ikiwa imeongezwa. Washindani walikuwa wawili tu. Alishinda, na tuzo ikatolewa mwaka 1812, lakini majaji wakaambatanisha taarifa yenye kasoro: njia yake ilikuwa na ugumu usiotatuliwa, na ilihitaji kuthibitishwa zaidi.

Kwa maneno mengine, alipewa tuzo na onyo kwa wakati mmoja. Kazi hiyo nayo haikuchapwa wakati huo. Lagrange alifariki dunia mwaka 1813 bila kubadili msimamo.

Kitabu chatoka

Machi 1815 Napoleon alitoroka kisiwa cha Elba na kuelekea Paris kupitia Grenoble. Fourier, aliyekuwa ameendelea na ukuu wa mkoa chini ya mfalme, aliondoka mjini kabla ya bwana wake wa zamani kuingia. Napoleon alikasirika, kisha akamsamehe na kumpa mkoa wa Rhône, Lyon. Fourier hakudumu huko.

Baada ya Napoleon kushindwa Waterloo, Fourier alijikuta Paris akiwa hana kazi, huku jina lake likihusishwa na utawala ulioanguka. Mwanafunzi wake wa zamani, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Seine, alimtafutia nafasi katika ofisi ya takwimu.

Mwaka 1816 Akademia ya Sayansi ilimchagua kuwa mwanachama, Mfalme Louis wa 18 akakataa. Mwaka uliofuata alichaguliwa tena, na safari hii mfalme akakubali.

Hatimaye, mwaka 1822, kilichapwa kitabu chake kiitwacho Théorie analytique de la chaleur, yaani nadharia ya joto kwa njia ya hisabati. Mwaka huo huo akawa katibu wa kudumu wa Akademia. Ilikuwa imepita miaka 15 tangu wazee wale walipoliweka kando andiko lake la kwanza.

Katika miaka hiyo aliandika pia kuhusu joto la dunia. Andiko lake la mwaka 1824 lilieleza kuwa hewa huruhusu mwanga wa jua kuingia kwa urahisi kuliko inavyoruhusu joto la ardhi kutoka. Kwa sababu hiyo hutajwa miongoni mwa waasisi wa sayansi ambayo leo inaeleza ongezeko la joto duniani.

Kijana kutoka Düren

Uthibitisho ambao Fourier hakuupata uliletwa na kijana aliyemfahamu. Gustav Lejeune Dirichlet, mzaliwa wa Düren katika Ujerumani ya sasa, alifika Paris mwaka 1822 akiwa na umri wa miaka 17 na baadaye akawa karibu na mzee huyo.

Mwaka 1829, akiwa amerudi kwao, Dirichlet alichapisha uthibitisho wa kwanza uliokamilika. Hakuuliza kama kila mchoro unakubali kugeuzwa mawimbi. Aliuliza ni masharti gani yanatosha ili ukubali.

Katika hisabati, kanuni inayotoa jibu moja kwa kila namba inayoingizwa huitwa fanksheni, na mchoro ni picha yake. Masharti ya Dirichlet ni kama kanuni za mwenendo kwa fanksheni. Isipande hadi kusikojulikana. Katika mzunguko mmoja ipande na kushuka mara za kuhesabika. Ikikatika, mikatiko nayo iwe ya kuhesabika.

Fanksheni yenye mwenendo huo, jumla ya mawimbi yake huirudisha ilivyo mahali popote isipokatika. Pale inapokatika, jumla hutua katikati kabisa ya ukingo wa juu na ule wa chini. Kwenye ngazi ya Fourier, mahali hapo ni sifuri.

Uhusiano huo una sura nyingine. Kadiri fanksheni inavyokuwa laini, ndivyo mawimbi yake ya kasi yanavyopungua upesi. Ngazi iliyokatika ina mawimbi ya kimo cha 1, theluthi, moja ya tano, moja ya saba. Mchoro wa paa la nyumba, wenye kona lakini usiokatika, una vimo vya 1, moja ya tisa, moja ya 25, moja ya 49. Ukiondoa na kona, mawimbi ya kasi hufifia haraka zaidi.

Kwa hiyo mtaalamu anayeangalia orodha ya vimo hivyo anaweza kujua tabia ya mchoro bila kuuona. Mawimbi ya kasi yakigoma kufifia, ajue kuna ukingo mkali mahali fulani.

Andiko lililopotea

Fourier aliishi kuuona mwaka huo wa uthibitisho, lakini afya yake ilikuwa imedhoofika. Tangu aliporudi Misri alilalamika baridi, akavaa nguo nzito na kukaa katika vyumba vilivyopashwa moto kupita kiasi. Mwanzoni mwa Mei 1830 alianguka kwenye ngazi, na Mei 16 akafariki dunia mjini Paris akiwa na umri wa miaka 62. Alizikwa katika makaburi ya Père Lachaise.

Kifo chake kilimgusa kijana mmoja kwa namna ya pekee. Évariste Galois alikuwa amewasilisha andiko lake la aljebra kushindania tuzo ya Akademia, na kwa wadhifa wake wa ukatibu Fourier ndiye aliyekuwa nalo. Baada ya msiba halikuonekana tena. Galois aliuawa katika pambano la bastola mwaka 1832 akiwa na umri wa miaka 20, na thamani ya kazi yake ikatambuliwa baadaye.

Mtu ambaye andiko lake liliwekwa kando kwa miaka 15 alifariki akiwa na andiko la mwingine mikononi mwake.

Swali laendelea

Dirichlet alifunga ukurasa wa fanksheni zenye tabia njema, akafungua wa zile zenye tabia mbaya. Bernhard Riemann alilishughulikia suala hilo katika tasnifu yake ya mwaka 1854 huko Göttingen, na ili kulifanya ilimbidi aeleze upya nini maana ya eneo lililo chini ya mchoro.

Georg Cantor naye, mwaka 1870, alithibitisha kuwa mchoro mmoja hauwezi kuwa na orodha mbili tofauti za mawimbi yanayoujenga kila mahali. Alipouliza ni nukta ngapi zinaweza kuachwa bila kuharibu ukweli huo, akajikuta anaanzisha nadharia ya seti, ambayo leo ni msingi wa hisabati yote.

Mwaka 1873 Paul du Bois-Reymond alitoa habari mbaya. Alijenga fanksheni isiyokatika popote, ambayo hata hivyo jumla ya mawimbi yake haitulii katika nukta fulani. Dai la Fourier kuhusu kila mchoro likawa limeanguka.

Nafuu ilikuja mwaka 1900 kupitia Lipót Fejér wa Hungary, kijana wa miaka 20. Alionyesha kuwa iwapo, badala ya kuchukua jumla zenyewe, utachukua wastani wa jumla zilizotangulia, basi fanksheni yoyote isiyokatika hurudi ilivyo bila kukosa.

Pigo jingine lilitoka Moscow. Mwaka 1923 Andrei Kolmogorov, naye kijana mdogo, alichapisha mfano wa fanksheni ambayo kila wimbi lake linapimika, lakini jumla inagoma kutulia karibu kila mahali. Mwaka 1926 alitoa mfano unaogoma kila mahali.

Wengi wakadhani hata fanksheni zisizokatika zingeweza kuwa na ubaya wa kiasi hicho. Lennart Carleson wa Sweden alijaribu kwanza kutafuta mfano wa namna hiyo, akashindwa, na kushindwa huko kukamwonyesha njia. Mwaka 1966 alithibitisha kuwa kwa fanksheni yoyote isiyokatika, jumla ya mawimbi hutulia mahali panapostahili karibu kila mahali, nukta zinazokataa zikiwa chache kiasi cha kutokuwa na upana wowote. Carleson alipewa Tuzo ya Abel mwaka 2006.

Hukumu ya kesi ya mwaka 1807 ikawa hiyo. Fourier alizidisha aliposema kila mchoro bila masharti, na wazee walikuwa na haki ya kudai uthibitisho. Lakini kuhusu ngazi, paa na pete yake ya chuma, michoro ambayo Lagrange aliikatalia, yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Bamvua na maji mafu

Urithi wake haukubaki vitabuni. Mwaka 1840 kijana William Thomson wa Glasgow, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alisoma kitabu cha Fourier, na mwaka uliofuata akachapisha makala ya kumtetea. Miaka ya 1870 alitumia mbinu hiyo hiyo kwa bahari, akabuni mashine ya kubashiri maji kujaa na kupwa kwa kujumlisha mawimbi.

Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanalijua jambo lenyewe kwa majina yao. Wimbi kuu la mwezi hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25, la jua kila baada ya saa 12. Mawimbi hayo yanapokutana vilele, wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndiyo bamvua. Yanapopingana, ndiyo maji mafu. Majedwali ya maji katika bandari kama Dar es Salaam na Mombasa hutayarishwa kwa kujumlisha hayo mawili na mengine madogo mengi.

Mbinu hiyo hiyo hutumika katika mashine za hospitali za MRI kujenga picha ya ndani ya mwili, na katika simu na kompyuta kubana sauti na picha. Picha laini hubanwa kwa urahisi. Yenye kingo nyingi kali huhitaji nafasi kubwa zaidi, kwa sababu ile ile iliyoitofautisha ngazi na paa la nyumba.

Mjini Auxerre sanamu ya shaba ya Fourier, iliyosimamishwa mwaka 1849, iliyeyushwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Jina lake lingali limechongwa kwenye mnara wa Eiffel mjini Paris, miongoni mwa majina 72 ya wanasayansi na wahandisi wa Ufaransa. Majina ya Lagrange na Laplace, wazee waliolikalia andiko lake, yamo kwenye mnara huo huo.